Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Jumatatu, 5 Machi 1979

Nimemeza viwili kabla Baba Njoki hajarudi kutoka bafuni. Maji nusu kikombe. Kopo limerudi chini ya cherehani, vidonge chini, vifungo vya mashati juu. Vyeupe kwa vyeupe. Mimi mwenyewe huvitafuta kwa kidole.

Sare za shule sita leo. Mbili zimebaki mikono.

Miezi minne sijaanguka. Asubuhi Baba Njoki amenywea chai kikombe changu bila kufikiri. Zamani kilikaa peke yake rafu ya chini, kana kwamba kifafa huambukiza vyombo. Tena amesema mwenyewe, Pasaka atamleta Njoki kutoka Murang'a. Mtoto ana miaka sita. Walimpeleka kwa nyanya yake, mama mkwe wangu, siku ile nilipoanguka nikiwa nimembeba mgongoni. Mwaka na nusu sasa. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 7 Machi

Mchungaji amepita. Anataka nitoe ushuhuda Jumapili, mkutano wa nje, soko la Kariokor. Hii itakuwa mara ya tatu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ningefanya nini?

Niandike hapa basi, maana hakuna pengine. Novemba waliniombea mbele ya watu. Nilisimama nikasema nimepona. Watu wakalia, Baba Njoki akalia. Sikusema kwamba siku tisa kabla ya hapo nilikuwa nimeanza vidonge vya kliniki. Sikudanganya. Nilinyamaza tu mahali pa kusema. Nikadhani ni jambo dogo, litapita.

Halikupita. Mchungaji huniita "dada aliyepona bila dawa." Hayo ya "bila dawa" aliyaongeza yeye, nami sikuyatoa.

Namshukuru Mungu, na vidonge nameza. Sioni ugomvi baina yao. Lakini nani ataniuliza mimi?

Jumapili, 11 Machi

Nimesema tena. Nimezoea sasa, najua pa kushusha sauti. Nimejichukia katikati ya sentensi nikaendelea.

Mueni alikuwa mstari wa pili. Binti wa Mama Mueni, wanashona akala pale sokoni, viatu vya matairi. Ana miaka ishirini hivi. Mkono wa kushoto una kovu kutoka kiganja hadi kiwiko, aliangukia jiko. Ana kifafa kama changu, ila hutibiwa kliniki nyingine, ndiyo maana hatujawahi kuonana kwenye foleni.

Baada ya ibada akanikimbilia, ananishika mikono yote miwili. "Mimi nilitupa hiyo madawa yote kwa choo, Mama Njoki. Alhamisi. Kama wewe uliacha ukapona, mimi ni nani nisipone?"

Nikasema Bwana asifiwe. Ndilo neno lililotoka.

Jumatatu, 12 Machi

Nimeshona kola kinyume. Nimefumua. Nimeshona kinyume tena.

Sista wa kliniki aliniambia tangu siku ya kwanza: usikatize hata siku moja. Ukikatiza ghafla, ugonjwa utarudi na ndugu zake wote. Mimi najua. Mueni huenda aliambiwa pia, lakini Mueni alinisikiliza mimi.

Nikisema ukweli, Njoki haji. Mama mkwe atapata alichokuwa akikingoja. Nikinyamaza, Mueni ataanguka.

Jumanne, 13 Machi

Nimekwenda Kariokor. Nilijipanga njiani neno kwa neno. Nimemkuta Mueni anakata tairi kwa kile kisu chao kikali, anaimba pambio. Mamake kando yake, uso umenyooka kama umepigwa pasi. Akawaambia wateja, huyu ndiye yule mama.

Nimenunua jozi ya akala ambayo siihitaji. Nimemwambia Mueni asiruke chakula, alale mapema. Hayo ndiyo niliyoweza. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 15 Machi

Siku saba tangu atupe. Hakuna habari. Nimeanza kujiambia labda. Labda yeye kapona kweli, Mungu hashindwi.

Baba Njoki amenunua kitanda kidogo cha mbao soko la Gikomba. Amekiweka karibu na dirisha. Nimetandika shuka, nimekitazama, nimetoka nje.

Ijumaa, 16 Machi

Mueni ameanguka. Mara tatu kabla ya saa sita mchana. Habari hizo amezileta mama mmoja wa kanisa, nami nina pini mdomoni.

Mama Mueni amekataa hospitali. Anasema ni pepo anatoka kwa fujo, akipelekwa hospitali sasa itakuwa ni kukosa imani. Kesho asubuhi watamwombea nyumbani. Wananitaka niende nimwekee mikono. Mimi hasa. Kwa sababu mimi ndimi ushahidi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hivyo ndivyo tunavyosema. Changu kimemwendea mtu mwingine.

Jumamosi, 17 Machi

Nimekwenda. Nimebeba kopo.

Chumba kimoja, wanawake saba, dirisha limefungwa. Sijamaliza kusalimia, Mueni akaanza.

Sikuwahi kuona. Nimeanguka tangu nina miaka kumi na mitatu, lakini sikuwahi kuona hata siku moja. Mimi huondoka, nikirudi nakuta watu wamesimama mbali na nguo zangu zimelowa. Sasa nimeona. Ile sauti ya kwanza, si ya mtu. Macho meupe. Miguu inapiga sakafu, povu lenye damu. Nimeogopa. Mimi, nimerudi nyuma hadi mlangoni.

Kumbe ndicho wanachokiona.

Wote walikuwa ukutani, hakuna anayegusa povu. Mmoja tu alikuwa akimlazimishia kijiko katikati ya meno. Hapo nikaamka. Nimemnyang'anya kijiko, nimemlaza Mueni ubavu, nimetia leso yangu chini ya kichwa chake, nimempangusa mdomo kwa mkono. Sista ndivyo alivyofundisha: ubavu, usitie kitu mdomoni, ngoja. Tukangoja. Mishtuko ikapoa. Hakuzinduka. Ikaanza tena.

Nikafungua kopo mbele yao. Vifungo vikamwagika. Nikatafuta viwili nikameza vikavu, bila maji. Nikasema mimi humeza hivi kila siku. Nilianza kabla hamjaniombea. Sijawahi kuacha.

Mama Mueni alinitazama. "Wewe si ulisimama kwa maiki ukasema ni maombi peke yake?"

"Nilisimama."

"Kwa hivyo ulidanganya Mungu?"

"Mungu alikuwa akijua. Nimewadanganya nyinyi."

Nilidhani atanipiga. Ningesimama nipigwe. Akavua kilemba, akajifunga kiunoni, akapiga kelele mlangoni: "Nani ako na mkokoteni? Leteni mkokoteni, huyu mtoto anaenda hospitali!"

Tumemsukuma sisi wawili na mwenye mkokoteni, tukikimbia. Hospitali wakamdunga sindano, ikakoma. Daktari akauliza ameacha dawa tangu lini. Nikajibu mimi.

Jumapili, 18 Machi

Sikwenda kanisani. Baba Njoki alikwenda. Amerudi amekaa na koti lake mwilini. Mchungaji hakunitaja jina, amesema tu kuna shahidi wa uongo, na watu wote wakageuka wakamtazama Baba Njoki.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 28 Machi

Mueni yuko hai. Ameuma ulimi vibaya, anasema polepole, lakini ameshika kisu tena. Amerudishiwa vidonge. Mamake ameniona Gikomba akavuka barabara.

Sare hazikuletwa wiki hii. Wamama wa kanisa wamepata fundi mwingine.

Mama mkwe ameandika barua. Njoki akae kwanza. Akae mpaka lini, hakuandika.

Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili

Mvua. Njoki hakuja. Kitanda kiko pale pale, tumekiwekea vitambaa.

Nimemeza viwili mezani, Baba Njoki akitazama. Ndiyo mara ya kwanza. Akasukuma glasi ya maji karibu yangu, akaendelea kula.

Baadaye nimemwuliza jambo ambalo sijawahi kumwuliza tangu tuoane: mimi nikianguka, huwa vipi? Aligeukia dirisha. Kisha akaniambia. Polepole, akitazama mvua. Ile sauti. Macho. Kwamba naelekea kugonga kichwa upande wa kulia, kwa hiyo yeye hukaa upande huo.

Nikamwuliza, kwani wewe hunishika?

"Nani mwingine angekushika?"

Nilidhani siku zote husimama mbali pamoja na wale wengine. Akasema hapana. Hunishika mpaka nitulie, halafu hutoka nje kunawa, mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, mara mbili. Akaona haya kulisema hilo. Akaniomba msamaha.

Nikamwambia si kitu. Sikumwambia kwamba nami, siku ile ya Mueni, nilisimama kwenye mfereji wa maji wa hospitali nikanawa hivyo hivyo.