Tairi la Kubebea Korosho

Mama Devota,

Uji wa mama yako uko kwenye chupa ya chai. Mkande kifundo cha mkono kwa maji ya moto.

Asubuhi ulisema nipunguze upepo, nikakujibu, "Kwani pikipiki unaendesha wewe?" Tairi la nyuma nililijaza jana kwa ajili ya magunia ya korosho. Leo, kwa mtu mwepesi kama mama, lilikuwa gumu kama jiwe, linagusa njia kwa sehemu ya katikati tu. Kwenye mchanga wa Kitomanga likateleza, nikamwangusha mkwe wangu mbele ya watu.

~~Nimekwenda shamba.~~ Niko kwa fundi. Tena tairi lenyewe ni nene mno, linasugua madigadi. Nabadilisha.

Mama alipoinuka alinifuta mchanga usoni, akauliza, "Umeumia, mwanangu?" Heri angenitukana. Sijui nitaingiaje humo ndani.

Baba Devota