Dawa ya Magunia Kumi

Ukunda, 6 Septemba 1964

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Mkongani, na kifua chako. Nina neno. Mnunuzi anayepita hapa dukani anatoa shilingi thelathini kwa gunia la mahindi meupe. Yaliyokaa uchagani juu ya moto, yenye moshi, ishirini na mbili. Teremsha yako, uyapukuchue, uyatie maguniani pamoja na dawa ya unga ya kuua fukusi. Tunaiuza hapa. Si ghali. Waambie na wenzako.

Mwanao, Randu

Mkongani, 20 Septemba 1964

Mwanangu Randu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Anayeandika ni mwalimu Kitsao, mimi nasema. Wenzangu wamekubali, kwa kuwa wewe ni mtu wa duka. Tuko wanane, magunia thelathini pamoja na ya mbegu. Tumechanga shilingi kumi na nane, anakuletea jirani yetu Ngala, anayekuja huko. Mbodze pekee amekataa. Anasema moshi wa jikoni kwake haujawahi kumwomba hela. Kache akamjibu, "Basi endelea kula masizi." Tulicheka.

Mama yako

Ukunda, 4 Oktoba 1964

Shikamoo, mama. Afya yangu njema. Dawa anayo Ngala. Kikombe kimoja kwa gunia. Itawatosha wote.

Mwanao, Randu

Mkongani, 17 Januari 1965

Mwanangu,

Hujaandika tangu Oktoba, natumaini si ugonjwa. Huku sisi ni wazima. Mahindi yameliwa. Ukitia mkono guniani unatoka na vumbi, na fukusi wanakupanda hadi kiwikoni. Ya mbegu pia, na masika iko karibu. Mnunuzi alitia mkono mara moja, akaupangusa kwenye suruali, akaenda zake. Kache ameniuliza kama tulikosea kipimo. Nilisema huenda. Tuambie tulikosea wapi.

Mama yako

Ukunda, 7 Februari 1965

Mama, shikamoo. Hali zenu naona haya hata kuziuliza.

Hamkukosea. Shilingi kumi na nane ni bei ya mkebe mmoja, na mkebe mmoja ni wa magunia kumi. Nilijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba si ghali, nikashindwa kuwaambia wengine warudishe mahindi uchagani. Nikachanganya dawa na chokaa ili itoshe thelathini. Tena inatakiwa kutiwa upya kila miezi miwili. Jambo hilo limeandikwa kwenye mkebe. Nikaliacha, maana dawa nyingine mngeipata wapi? Ukihesabu dawa hiyo yote na bei ya magunia matupu, zile shilingi nane za zaidi kwa kila gunia zinakwisha. Hesabu hiyo nimeifanya sasa.

Neno hili libaki kwako.

Mwanao, Randu

Mkongani, 21 Februari 1965

Randu mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika wenzangu wakiwa hapa, wamekuja kusikia walikosea wapi. Kitsao alisoma. Alipofika kwenye chokaa aliniuliza, "Mama Randu, niendelee?" Nikamwambia endelea, dawa ilikuwa yao na barua ni yao. Akasoma mpaka pale uliponiomba neno hili libaki kwangu. Kache alichukua leso yake, wakaondoka.

Kesho yake Mbodze aliteremsha mahindi yake meusi, akawagawia ya mbegu. Mimi sikwenda. Akaniletea mwenyewe, akayaweka mlangoni bila kupiga hodi.

Hawataki hela zao. Wanataka uje uwaambie kwa kinywa chako.

Mama yako

Ukunda, 1 Machi 1965

Mama, shikamoo. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 13, kwa basi la asubuhi. Waambie.

Randu

Mkongani, 14 Machi 1965

Mwanangu,

Hujambo. Jana walikuja wote saba, na Mbodze pia. Walikaa tangu basi la asubuhi mpaka la jioni likapita. Kache akaniuliza, "Kwani amekwambia haji?" Nikasema umeandika kwamba una homa. Kitsao, anayeandika maneno haya, alitazama chini. Anajua hakuna barua.

Tangu niolewe hapa sikuwa nimewahi kuwadanganya. Leo Kache amekuja kuuliza kama umepata nafuu. Nimemwambia bado.

Mama yako