Baiskeli ya Mwalimu na Ziwa Duluti

Ngaramtoni, Jumapili mchana

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu sote. Bibi yako hajambo, ng'ombe mwekundu amezaa, na mahindi yamesimama vizuri. Umeuliza kama uzunguke vilima na mitaa ya zamani ya Tabora kwa miguu au kwa baiskeli.

Nimefungua daftari langu la enzi za Mjerumani. Ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wa misheni aliniazima baiskeli yake mpaka jioni, nami sikutegemea kuipata tena, kwa hiyo nilitaka siku hiyohiyo nilione Ziwa Duluti. Karibu na Tengeru nilimkuta mzee wa Kimeru kando ya njia. Desturi yetu ilinitaka nishuke, niinamishe kichwa, aniguse utosini. Nilipiga kengele, nikapita.

Nililitafuta ziwa hadi alasiri, nikaona msitu tu. Nikarudi kwa yule mzee nikiikokota baiskeli, nikainamisha kichwa.

"Kumbe una kichwa!" akasema. "Asubuhi niliona magurudumu tu."

"Nisamehe, babu. Nalitafuta ziwa."

Akaniwekea kiganja utosini, akacheka. "Ulilipita, kama ulivyonipita mimi."

Tukatembea pamoja, tukapita nyuma ya migomba yake, na mara maji yakatokea chini yetu, ya kijani na matulivu. Nilichelewa kurudisha baiskeli, nikakemewa, wala sikujuta.

Basi chukua baiskeli, mjukuu wangu. Ila ukimkuta mzee njiani, shuka.

Babu yako akupendaye