Kwenye Rundo la Tatu la Mawe

Bondeni, 14 Februari 1988

Babu Torleiv, shikamoo. Nyonga mpya inakubali, au bado unawafokea manesi kama mbwa wa kondoo? Huku wazima, ila jibini la kahawia limeisha.

Sasa kaa vizuri. Ulisema atakayefika kilele cha Skarvenut bila wewe ndiye atakayeongoza familia kupanda mlima Pasaka. Basi nipishe. Jana nilimfunga mdogo wangu Tordis kwenye kigari cha theluji, miaka sita tu lakini mzito kama gunia la viazi, nikamburuta toka kibandani kwetu mlimani hadi juu kabisa, Mama akihema nyuma. Upepo ulitaka kunitisha, nikaucheka. Binamu Halvor na digrii yake angelia njiani. Mimi shule ilinishinda, mlima, bado.

Jibu upesi, niwatangazie watu.

Mjukuu wako kidume,
Sjur

Hospitalini, 23 Februari

Sjur, marahaba. Nyonga inakubali. Manesi ndio wananifokea.

Mama yako kaniletea daftari la kibandani, nisome walioandika majira haya. Kilele hakukitaja. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wako: "Tumefika juu. Rahisi." Chini yake herufi kubwa za penseli, nyingine zimegeuka: "Kwenye rundo la tatu la mawe ya njia tuligeuka, tukarudi. Vidole vilikufa ganzi. Sjur alinivua buti akaweka miguu yangu tumboni kwake. Alipiga kelele. Tukala chungwa."

Watu wakipotea, waokoaji husoma daftari hilo kwanza. Nani kaandika uongo humo?

Babu yako

Bondeni, 13 Machi

Babu, shikamoo. Sijafa. Kalamu ilikuwa nzito.

Ni mimi. Kale katoto kana mdomo hadi kwenye penseli. Nilidhani aliyegeuka hapewi kamba ya kuongoza familia. Basi mpe Halvor. Ila mwambie hivi: Tordis akishikwa na baridi hasemi, hunyamaza. Akinyamaza, wasimame.

Sjur

Hospitalini, 20 Machi

Sjur, marahaba. Halvor alikuja na ramani. Alinionyesha kilele kwa dakika na mita. Nikamwambia hilo la Tordis. Akasema watoto huzoea.

Utaongoza wewe. Daftari nalirudisha kwa mkono wa mama yako. Usifute. Piga mstari, andika ukweli chini yake, weka tarehe.

Babu

Kibandani, Alhamisi Kuu

Babu, shikamoo. Utembee sasa, machungwa yanakungoja. Mstari nimepiga, hata umenyooka.

Leo tulikuwa tisa. Kwenye rundo la pili la mawe Tordis akanyamaza, nikageuza wote. Halvor akanuna, eti kilele kile pale. Nikamwambia, "Nenda, kaka, ukifika tuandikie." Akarudi nasi.

Watangazie wagonjwa wenzako: bonde zima hili hakuna anayegeuka haraka kama mimi. Tumbo langu bado ni barafu kwa miguu ya Tordis.

Mjukuu wako,
Sjur