Mwanga Unaopotea Njiani

Mjukuu wangu Tumaini,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Maduka ya mtaa wetu wa Mfaranyaki yamejaa sabuni tena, bibi yako anafua kila siku.

Unauliza kwa nini molekuli ulizotengeneza kuiga jani zinanasa mwanga, lakini mwanga huo unapotea kabla ya kufika panapofanyika kazi. Kemia siijui. Ila nilipovuka mto Ruvuma kuingia nchi hii nikiwa kijana, nilipata kibarua hapa Songea, kupokezana matofali kwenye mstari, mkono kwa mkono. Kwa aibu ya matambara yangu nilisimama mbali na wenzangu, nikaangusha mawili.

"La tatu likianguka, nenda zako," akasema msimamizi.

Mama aliyenifuata kwenye mstari akacheka. "Sogea, mgeni, sing'ati! Ila usinikanyage."

Nikasogea. Halikuanguka lingine.

Nawe zisogeze molekuli zako karibu karibu, zisikanyagane tu. Mchana yule mama alinimegea ugali, akaniuliza jina. Namshukuru mpaka leo.

Babu yako