Bi Mkubwa Apande Meli au Abaki

Jumatatu, 3 Machi

Uhamisho umethibitishwa. Miaka mitatu ng'ambo, ofisi ya waandishi wa habari wawili, na mwenzangu wa huko ameshanionya kuwa mashine ya kahawa ni mbovu. Nyumbani wameupokea vizuri. Mume wangu ameanza kupanga vitabu. Binti yetu ameuliza kama kuna bwawa la kuogelea. Lipo. Kwake habari imeishia hapo.

Limebaki suala la gari. Twende nalo au tuliache? Mume wangu: twende nalo, tumelizoea. Mimi sina msimamo, nina maswali. Basi nimepewa kazi ya kuchunguza — ndani ya nyumba yangu, bila posho!

Baba, anayeishi nasi chumba cha nyuma na atakayebaki, alisimama mlangoni na kikombe chake. "Lichukueni. Mimi naenda wapi?"

Gari lilikuwa lake. Amefundisha udereva maisha yake yote, na hili ndilo la mwisho la shule yake. Tunaliita Bi Mkubwa, kwa kuwa halipendi kuharakishwa. Siku hizi Baba hulitumia kumpeleka mjukuu wake shule asubuhi tu.

Jumatano, 5 Machi

Wakala wa meli alikuja kulitazama. Mtanashati, tai shingoni, viatu visivyotaka vumbi. Akazunguka, akachungulia chini, akapiga picha. Akafungua mlango wa abiria — akaganda.

"Mama, hili gari lina breki mbili?"

Nikamweleza kuwa ya pili ni ya mwalimu. Mwanafunzi akibabaika, mwalimu anakanyaga. Zimeunganishwa, ukishusha moja zote zinashuka.

"Na sasa anaitumia nani?"

"Mume wangu. Kila kona."

Mume wangu akasema ni kwa usalama wa familia. Wakala alicheka mpaka akaegemea mlango, vumbi na yote.

Jibu lake: linapokelewa huko, mradi breki ya pili ing'olewe na gari lioshwe mpaka uvunguni. Nafasi melini ipo. Anataka neno letu wiki ijayo. Mume wangu tayari anapiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa fundi, kuuliza kuhusu breki. Alikuwa chini ya lori, nikazungumza na miguu yake.

"Dada, mnanichanganya. Wewe unataka kung'oa, Mzee anataka kuongeza."

Kuongeza nini?

"Kiti cha dereva kipande juu kidogo. Na vioo vya pembeni vikubwa, ameviagiza. Anasema mkishaondoka hataki usumbufu. Akaniambia nisikwambie." Miguu ikatulia. "Lo! Nimekwambia."

Kwa hiyo Baba analitaka gari. Ile kauli ya mlangoni ilikuwa ya hadhara tu. Wakubwa maofisini hunifanyia hivyo kila siku. Kwa Baba sikutegemea. Nimemwambia fundi asiguse kitu. Chanzo kimoja hakinitoshi.

Jumamosi, 8 Machi

Chanzo cha pili kilikuwa mezani, kinapaka mkate jamu. Nilimuuliza binti yangu asubuhi za shule na Babu zikoje.

"Tunacheza vibao!"

Mchezo wenyewe: kibao cha barabarani kikitokea mbele, anayekisoma kwanza kwa sauti ameshinda. Nani hushinda?

"Mimi. Babu hajashinda hata siku moja." Na taa za njia panda? "Hizo pia. Anasema mimi ni mkali."

Nilimaliza chai yangu. Kisha nikatangaza kuwa kuanzia sasa mtoto nitampeleka mimi. Baba alinitazama, akausogeza ufunguo upande wangu. Mume wangu nilimweleza jikoni. Mluzi umekoma.

Jumatatu, 10 Machi

Haki ya kujibu. Nilimkuta Baba chumbani kwake akipiga pasi shati. Nikamwekea yote mawili, kiti na vibao. Sikuzungukazunguka.

Alimaliza kola kwanza.

"Andika: Mzee hakutaka kusema lolote."

"Nitaandika ulisema hivyo huku unaunguza shati."

Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaizima pasi. Akasema karibu anaona sawa, mbali ndiko kumeingia ukungu. Akasema mdogo wangu atamtazama, hilo hana wasiwasi nalo, lakini huyo ana kazi na watoto, na yeye hataki kukaa akisubiri kuja kuchukuliwa kama kifurushi.

"Sasa kwa nini ulisema tulichukue?"

"Ulitaka nikuombe?"

Nimehoji watu wagumu kuliko yeye. Nikaketi kitandani kwake.

Tumepatana: Alhamisi kwa daktari wa macho. Macho yakirekebishika, gari linabaki naye. Yasiporekebishika, linapanda meli, na atakayemwambia wakala ni yeye mwenyewe. Sharti lake: aendeshe yeye. Sharti langu: barabara ya nyuma, na mimi nikae upande wa mwalimu.

"Leo umekuwa mwalimu wangu," akasema, na hakuonekana kuchukia. Usiku aliongeza chakula mara mbili. Mume wangu anasema nyumba imepata hewa. Kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa garini, nje ya kliniki ya macho.

Baba ameendesha taratibu, vizuri. Vioo, ishara, mikono, kila kitu mahali pake. Kabla ya kona ya kwanza akaniambia, "Toa mguu hapo." Sikutoa.

Kando ya karakana ya milango, mtu wa baiskeli alichomoza kati ya malori mawili. Gari likasimama. Laini, bila kuruka. Mwenye baiskeli akainua mkono, akapita.

"Umeona?" akasema Baba.

Mimi nilikanyaga. Yeye anasema alikanyaga. Pedali zimeunganishwa. Nani alilisimamisha? Kazi yangu ni kuandika kilichotokea — na hiki sikijui, ingawa nilikuwepo, na mguu wangu ulikuwepo!

"Nimeona," nikamjibu.

Mume wangu amepiga simu. Wakala yuko sebuleni, anamaliza biskuti, anataka jibu. Nimemwambia afungue pakiti nyingine.

Mlango wa kliniki umefunguka. Baba anatoka. Daktari yuko nyuma yake, bado anamweleza kitu. Baba anatikisa kichwa, anampa mkono. Kofia iko sawa, mwendo ni uleule. Uso haunipi kitu, na kusoma nyuso ndiko kunakonilisha.

Ameniona. Amefika mbele ya boneti na kusimama. Anautazama mlango wa dereva, kisha huu wangu.

Nimefungua yote miwili, achague.