Upande wa Kushoto wa Bendi

Shangazi Ismay mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo bendi yetu ya pani, zile ngoma za mapipa ya chuma, inafanya tamasha uwanja wa wazi kumkumbuka marehemu mume wangu Eulric, fundi aliyezipa sauti pani za mtaa mzima kwa nyundo yake, watu watakuja na viti vyao wanywe supu ya mahindi, na nahodha wetu ameniambia, "Dada Verlyn, simama mbele upige wimbo wake peke yako, kisha utuambie machache kuhusu ile mikono ya dhahabu." Shangazi, mikono hiyo ndiyo iliyonipasua sikio la kushoto miaka ishirini na miwili iliyopita, kofi moja tu, kisa chakula kimepoa, na tangu siku hiyo upande huo ni kimya, tena yeye mwenyewe ndiye aliyenihamishia mwisho wa mstari kushoto kabisa ili bendi yote iwe kulia kwangu, akasema mbele za watu, "Mama Shenelle, hapo utasikia vizuri," nami nikacheka na wenzangu, sijamwambia mtu hadi leo. Nikikataa wataniona sina shukrani, nikikubali nitakuwa nausifia mkono ulionipiga. Binti yangu Shenelle anasema, "Mama, mpigie baba, usituaibishe," na mumewe Kerwyn, aliyefundishwa kazi na Eulric na kurithi nyundo yake, ananibembeleza vivyo hivyo. Shenelle alikuwa akipiga katikati ya bendi, ila mwezi jana aliomba kuhamia nyuma yangu, kushoto kabisa, nadhani ni majonzi ya baba yake, siku hizi ana mawazo mengi, nikimwita haitiki mpaka nimzunguke. Nipige au nisipige?

Mjane wa Fundi, Laventille

Shangazi Ismay anajibu: Dada yangu, pole sana. Majina nimeyabadilisha. Marehemu hana haki ya kudai sifa kinywani mwako, kwa hiyo usipige. Mwambie nahodha hapana, bila maelezo, na wenye kununa wanune.

Sasa nikugombeze. Umejaza barua habari za maiti, na mtoto aliye hai ukamweka mwishoni. Isome tena. Amehama katikati akaenda kushoto kabisa. Akiitwa haitiki. Analala nyumba moja na mwanafunzi wa mumeo. Wewe, kati ya wanawake wote wa Trinidad, unaniambia ana mawazo? Ulijua ulipokuwa ukiandika, ndiyo maana uliandika.

Nenda kwake leo mchana, Kerwyn akiwa kazini kwenye pani zake. Simama kushoto kwa binti yako umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usimhoji na usilie. Beba nguo na vyeti vyake, mpeleke hospitali daktari ampime na aandike, kisha muende polisi, na akae kwako. Kerwyn akija, usimfungulie mlango.

Shenelle atakataa kwanza. Atasema alianguka. Atasema mume wake si mtu wa hivyo, amelelewa kazini na baba. Usibishane naye. Mgeuzie sikio lako la kushoto, mwambie akunong'oneze hapo neno lolote alitakalo, kisha mweleze kwa nini hukulisikia.